Uko PCB unataka kuongeza Advansi? Soma hii kabla hujaenda kwa mwalimu wa taaluma

Kila mwaka ikifika mwezi wa nane, fomu faivu wapya wakishazoea baridi na maharage, swali ni lile lile. Kaka niko PCB ila hesabu nazipenda, niongeze Advansi? Dada yangu yuko PCM anataka aongeze Baiolojia asije akajifungia udaktari, inawezekana? Kwa asiyejua, PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, PCM ni Fizikia, Kemia na Advansi, yaani Advanced Mathematics. Mi nafundisha tuisheni Uyole, Mbeya, kwa hiyo nayasikia haya sana, na mwenyewe nilishaongeza somo la nne nikiwa bweni kule Iringa, na nikaliacha, ntakuja kusema huko mbele ilikuwaje.

Nianze na kitu ambacho hamna mtu alinambia. PCB na PCM mnakaa darasa moja kwenye Fizikia na Kemia, si ndio? Afu kengele ikilia mnagawanyika, wale wanaenda Advansi, nyie mnaenda Baiolojia. Sasa angalia vizuri ratiba ya shule yako, hivyo vipindi viwili mara nyingi viko muda ule ule! Ratiba imepangwa hivyo makusudi maana anayetengeneza anajua hamna mtu anayesoma vyote. Kwa hiyo ukiongeza, kila wiki kuna kipindi unakikosa, ama Baiolojia ama Advansi, na kile ulichokikosa utakisoma kwenye desa (notsi) la mwenzako usiku. Na desa la hesabu unalijua lilivyo, mtu ameandika mstari wa kwanza na wa mwisho, katikati kasema "tukirahisisha tunapata". Umerahisisha vipi sasa?

Kwa hiyo cha kwanza kabisa usiende kwa mwalimu, nenda ukutani ilipobandikwa ratiba na kalamu yako. Hesabu vipindi vya Advansi kwa wiki, viangalie vingapi vinagongana na vyako. Vikigongana vyote maana yake hulisomi darasani, unajifundisha mwenyewe. Wapo wanaoweza, ila ujue ndo unachokubali.

Cha pili, na hapa ndo watu wengi wanakosea, anzia chuoni urudi nyuma. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka, kiko bure kwenye tovuti yao, kuna cha waliomaliza fomu siksi na kuna cha wenye diploma, we chukua cha fomu siksi. Najua shuleni hamruhusiwi simu, subiri likizo ukishuka stendi ya Nane Nane au Mwanjelwa ingia stationery yoyote wakufungulie, waprinti zile kurasa za vyuo unavyovitaka tu, usiprinti kitabu kizima utamaliza nauli. Tafuta kozi tatu unazozitaka kweli, siyo kumi. Kila kozi imeandikwa masomo yake. MD, yaani udaktari, wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, Advansi haimo. Uinjinia karibu wote wanataka Advansi na Fizikia ziwe principal, yaani umezifaulu kama masomo makuu, na hapo BAM, zile hesabu ndogo (Basic Applied Mathematics), hata uwe umeipasua vipi haihesabiki maana ni somo dogo. Kozi za kompyuta zinatofautiana chuo na chuo, wengine wanataka Advansi, wengine kufaulu BAM kunawatosha, ndo maana nakwambia soma mwenyewe usiulize bwenini.

Ukimaliza hapo jiulize swali moja, katika kozi zangu tatu kuna hata moja inayolidai hili somo la nne? Kama hamna, basi unaongeza kwa sababu nyingine, na hiyo sababu nyingine mara nyingi ni sifa. Mi yangu ilikuwa sifa, nasema ukweli. Nilipata A ya hesabu fomu foo, nikaona kuitwa "yule wa PCB" ni kama nimeshushwa cheo.

Kama ipo kozi moja inalidai, na hiyo moja ndo unayoiota usiku, basi swali linabadilika. Kwa nini uko PCB? Mara nyingi jibu la kweli ni kubadilisha kombi, yaani tahasusi, mapema siyo kuongeza somo. Wiki za mwanzo mwanzo fomu faivu bado shule inaweza kukusikiliza kama nafasi ipo, ikifika mwezi wa kumi na moja hamna atakayekusikiliza. Na tangu 2024 tahasusi zimeongezeka mpaka 65, hata za kompyuta zimo, kwa hiyo mdogo wako ambaye bado yuko fomu foo mwambie aangalie vizuri kabla hajajaza Selform, ile fomu ya kuchagua tahasusi, asije akalazimika kurekebisha kwa kuongeza mzigo kama wewe.

Sasa mahesabu ya alama, maana hapa watu wanadanganyana sana. Division ya fomu siksi inatoka kwenye masomo matatu. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, na division one ni kuanzia 3 mpaka 9. Tuseme we ni mtu wa Baiolojia B, Kemia C, Fizikia C. Hiyo ni 2 na 3 na 3, jumla 8, one. Umeongeza Advansi, muda umepungua, kila somo limeshuka gredi moja tu, siyo mbili. Unakuwa na C, D, D, yaani 3 na 4 na 4, jumla 11, division two. TCU wao wanahesabu kinyume, A ni 5 mpaka E ni 1, kwa hiyo ulikuwa na 10 sasa una 7. Ukienda kugombania MD na 7 wakati wenzio wana 12 na 13 unajua kinachotokea. Na ile Advansi yenyewe umepata E! Hata Samia Scholarship, ule ufadhili wa serikali ulioanza 2022/23, inatafuta waliofaulu juu kabisa kwenye sayansi, haitafuti aliyebeba masomo mengi.

Afu kumbuka PCB si nyepesi, kila somo lina pepa tatu, mbili za nadharia na moja praktiko, hizo ni pepa tisa kabla hujagusa BAM na masomo mengine madogo. Advansi inaleta mbili zingine za masaa matatu matatu. Kwa wa PCM anayeongeza Baiolojia ni tatu, na praktiko ya Baiolojia huwezi kujifundisha kitandani, lazima uwe maabara, panzi na mende lazima uwakate mwenyewe. Kwa hiyo PCM kuongeza Baiolojia mi naona ni ngumu zaidi kuliko PCB kuongeza Advansi, ingawa watu wanafikiri kinyume chake.

Bado unataka? Sawa, fanya jaribio la wiki nne kabla hujamwambia mtu. Siyo kuhudhuria vipindi, jaribio lenye daftari.

Kwanza hesabu masaa yako. Bweni letu prepu (kujisomea usiku) ilikuwa saa moja na nusu mpaka saa nne, hayo masaa mawili na nusu, mara siku tano ni kumi na mbili na nusu. Jumamosi ukitoa kufua, usafi na foleni ya maji unabaki na manne. Jumapili baada ya kanisa matatu. Jumla kama kumi na tisa na nusu, ila toa umeme kukatika, toa kusinzia, toa kupiga stori, weka kumi na sita. Masomo matatu ukiyapa manne na nusu kila moja umeshatumia kumi na tatu na nusu, hayo mawili na nusu yaliyobaki ni ya BAM na mengine madogo. Advansi inataka sita au saba, kama huna mwalimu. Zitoke wapi? Usiseme "ntaamka saa kumi alfajiri", Julai ya Mafinga au Makambako saa kumi alfajiri we huamki, unajidanganya, mi nilikuwa naamka siku mbili ya tatu naitwa na matroni nimelala mstarini.

Daftari lenyewe liwe na safu nne tu. Tarehe, saa niliyoanza, saa niliyomaliza, maswali niliyosolvu bila kuangalia jibu. Chukua topiki moja ambayo hukuwahi kuigusa O-level, mi napenda differentiation maana haikuachii ujanja, ama unajua ama hujui. Soma wiki ya kwanza na ya pili, ya tatu anza maswali, ya nne chukua maswali kumi ya pepa za nyuma za NECTA (baraza la mitihani), funika majibu, weka saa mezani. Sita na zaidi, una uwezo nalo. Matatu kushuka chini, achana nalo na wala usijisikie vibaya. Manne matano hapo ndo pagumu, mi ushauri wangu ni uache, mwingine atakwambia ukomae, ila huyo mwingine hatafanya mtihani wako.

Na usiangalie Advansi peke yake! Wiki hizo hizo nne andika pembeni test za Fizikia na Kemia zinakwendaje. Mi test ya kwanza ya Fizikia nilipata 58, baada ya kuongeza Advansi nikapata 41, na sikuona uhusiano kabisa, nikamlaumu mwalimu.

Kama umefaulu jaribio ndo sasa nenda kwa mwalimu wa taaluma, na usiende na "naomba kuongeza somo", nenda na daftari. Muulize vitu viwili. Shule itakubali kunisajilia NECTA hili somo? Na usajili unafungwa lini? Wengine watakukatalia pale pale, wana sababu zao, ukifeli unashusha wastani wa somo. Kama mwalimu wa Advansi ni mmoja na ana PCM, PGM na EGM mkononi, zote zina Advansi, usitegemee atakurudilia kipindi, muombe tu akusahihishie kazi mara moja kwa wiki, hicho wengi hawakatai.

Tarehe ya kuacha iandike siku hiyo hiyo unayoanza. Ndani ya kava la counter book, kwa kalamu nyekundu. Mfano, matokeo ya mtihani wa Desemba yakitoka, kama somo lolote kati ya matatu limeshuka gredi, naacha. Na iwe kabla shule haijatuma majina NECTA. Mpe mwenzako mmoja asiyekuonea aibu aione.

Ukiacha bado kuna njia, watu wanasahau hili. Unaweza kumaliza PCB yako vizuri afu mwaka unaofuata ukajisajili mtahiniwa wa kujitegemea ukafanya Advansi peke yake umetulia nyumbani. Au kama uinjinia ndo roho yako, MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa hapa Mbeya, ile zamani Mbeya Tech, wanatoa diploma, unaingilia mlango wa chini unapanda. Inachukua muda, ndiyo, ila njia ipo. Watu wa HGL na HKL, yaani wa sanaa, mnaotaka kuongeza la nne, nyie hata sielewi mnatafuta nini, ualimu unataka masomo mawili ya kufundishia na tayari mnayo matatu, kasomeni yale yale.

Tulikuwa watano tulioongeza mwaka wetu. Mmoja tu alifika nayo mtihani wa Mei, akapata B, sa hivi ni injinia, ila yule O-level alishasoma Additional Mathematics na baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, likizo yake yote ilikuwa vectors na complex numbers sebuleni. Sisi wanne tulidondoka mmoja mmoja. Mi nilikuwa wa mwisho kudondoka, Februari ya fomu siksi, nimechelewa, na kilichonichelewesha ni baba, maana nilikuwa nimemtangazia yeye na kijiji kizima kule Isyonje kwamba nasoma masomo manne.

Nikampigia kwa simu ya mwalimu wa zamu. Shikamoo baba. Marahaba. Nikazunguka zunguka, mara mvua, mara mtihani wa mock, mwisho nikasema baba lile somo la hesabu nimeliacha, nimebaki na matatu. Kimya. Nikasikia anacheka, yeye mkulima wa viazi, miaka yote anagombana na madalali wanaotaka gunia lishonewe kilemba juu.

"Kumbe na wewe ulikuwa umejaza lumbesa," akasema. Afu akaniuliza kama mabuti aliyotuma kwa basi yameshafika, maana kondakta alimwambia ameyaacha Mafinga.