Kabla hujawabeba watoto kwenda kulala kwenye tenti Lushoto

Kiukweli kulala kwenye tenti na familia sio lazima uende mbugani, ulipie viingilio vya watu wote na gari la kukodi juu. Kwa mtu wa Dar mwenye watoto wawili watatu na mfuko wa kawaida mi ningesema nendeni Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, basi linawafikisha mjini kabisa, hakuna tembo wala simba wa kuzungukia tenti usiku, mboga na viazi bei poa maana si ndo huko huko zinakotoka za kwetu sokoni, na watoto wanaona milima kwa macho badala ya kwenye tivii. Ila kuna jambo moja watu wa pwani tunalidharau mpaka usiku uingie, baridi, na karibu kila kitu cha kupanga kinazungukia hapo.

Hebu piga hesabu. Mji wa Lushoto upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa kwa wastani inapoa nyuzi 6 na nusu kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo ule usiku wa Juni ambao Dar mnasema leo kumepoa na kuzima feni, kule toa nyuzi kama 9 zingine. Na likizo ya shule ndo Juni hiyo hiyo. Desemba baridi imepungua lakini mvua za vuli zinaweza kuwa bado zipo, na masika, Machi mpaka Mei, usithubutu kabisa, ile barabara ya kupanda kutoka Mombo, mji wa chini ya mlima, imechongwa ubavuni mwa mlima na mvua ikizidi udongo unashuka. Basi wenye wanafunzi wengi wataangukia Juni, sawa tu, ni kukavu, mjipange na baridi.

Sasa hela iweke wapi? Wengi wanakimbilia tenti kubwa ya bei mbaya halafu wanatandika shuka moja chini, saa nane usiku nyumba nzima iko macho. Baridi ya kwenye tenti inatoka chini jamani, ardhi inanyonya joto la mwili, unaweza kujifunika mablanketi matatu na mgongo ukawa wa barafu. Kwa hiyo tenti azima kama kuna mtu anayo, hela ipeleke kwenye kutandika. Chini kabisa turubai, juu yake maboksi ya katoni yaliyokunjuliwa (kwa mangi utayapata bure ukimuomba vizuri), kisha mkeka, kisha godoro jembamba la sponji au blanketi zito lililokunjwa mara mbili, hapo ndo unaanza kuhesabu ya kujifunika. Masweta, kofia za sufu na soksi nzito pita Karume kwenye mitumba, usinunue vipya, watoto wenyewe mwakani haviwaingii. Na nguo za kulalia ziwe peke yake, mtoto asilale na zile alizoshinda anatoka jasho nazo.

Tenti ikishapatikana ifunge kwanza uani nyumbani, hata kama mnaishi nyumba ya kupanga ombeni kanafasi. Hesabu fito na vigingi, kagua zipu, mwagia ndoo ya maji uone inavuja wapi. Pia ujue ile wanayoandika ya watu wanne maana yake ni watu wanne wamelala mabega yanagusana, mabegi hayamo, kwa hiyo baba na mama na watoto wawili chukueni ya watu sita. Na usiku msizibe kila dirisha eti kwa ajili ya baridi, pumzi zenu zinageuka maji kwenye turubai la juu, asubuhi mnaamka mmelowa mnadhani mvua ilinyesha. Acheni upenyo juu kidogo.

Hapa nisikilize vizuri. Jiko la mkaa haliingii kwenye tenti. Haliingii hata likiwa limebaki majivu mekundu, hata dakika tano za kuwapashia watoto joto kabla ya kulala. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala haiwashi macho, mtu anasinzia tu na haamki, na hicho kitu kinaua watu kwenye vyumba vya matofali sembuse kwenye kimfuko cha nailoni. Wenyeji wa nchi za baridi wanalijua hilo, sisi wa joto ndo tunajisahau. Ukitaka joto chemsha maji, jaza kwenye chupa ya plastiki ngumu, funga vizuri, izungushie soksi, muwekee mtoto miguuni chini ya blanketi.

Mapishi yasiwe ya kujionesha. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100, kwa hiyo maharage makavu yatakula mkaa wako wote na bado yanagoma, yachemshe nyumbani yaive, kule ni kuunga tu. Siku ya kwanza mbebe vitu vya kula bila kupika, chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, maana mtafika mmechoka na giza linaingia mapema. Chupa ya chai moja kubwa ni bora kuliko sufuria tatu. Chakula kisilale ndani ya tenti, kima ni wezi na siafu hawabishi hodi, na kabla ya kufunga tenti zunguka eneo lote uangalie chini, ukikuta mstari wa siafu hamia kwingine, usibishane nao.

Kuhusu pa kuweka tenti, usifike ndo uanze kutafuta. Kuna sehemu za kulala wageni zenye bustani ambazo ukipiga simu kabla wanakuruhusu kufunga tenti kwa bei ndogo kuliko chumba, na hiyo kwa familia ndo naipenda zaidi kwa sababu choo kipo, bomba lipo, na mlinzi yupo. Ukitaka msituni, Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (wakala wa serikali wa misitu), kuna utaratibu wake wa vibali na malipo, ulizia kabla, na kuni za kukata msituni sahau. Maswali ya kuuliza kwenye simu: choo kiko umbali gani na usiku kina taa, maji ni ya kunywa au ya kuchemsha, moto unaruhusiwa wapi, bei ni kwa tenti au kwa kichwa na watoto wanahesabiwaje. Hilo la mwisho ndo linaloharibu bajeti za watu.

Bajeti yenyewe anza na nauli, kwa kuwa ndo inayokula kuliko zote. Vichwa mara mbili, kwenda na kurudi, jumlisha bajaji au boda za kutoka stendi na mizigo yote ile. Ya kurudi ihifadhi pembeni isiguswe, tena iwe keshi, mtandao wa simu ukigoma siku ya kuondoka hutakuwa na wa kumlilia. Kutoka Mombo kwenda juu ni kona juu ya kona kwa kilomita kama 33, watoto wanatapika, wakae siti za mbele, wasishindiliwe chakula pale Mombo, na uwe na kopo lenye mfuniko mkononi, sio kwenye buti.

Dawa sina mengi: ya homa, ORS (ile ya kuchanganya na maji mtu akiharisha), plasta, na za kila siku kwa anayezitumia. Neti msiidharau kwa sababu ya baridi, njiani mnapita kwenye joto na mbu. Tochi kila mtu yake, hasa mtoto wa kuamka usiku, na mdogo kabisa mbebeeni poti, hakuna mzazi atakayetaka kutoka na baridi ile saa tisa kumsindikiza chooni.

Siku ya kuondoka msikunje tenti na umande, subirini jua. Ikishindikana ikunjeni hivyo hivyo, ila mkifika tu ianikeni usiku huo huo hata sebuleni, unyevu wa Dar siku mbili tu inaota ukungu na mwenye tenti atawadai mpya.