Kuhoji michango ya shule ya umma Mombasa

Usiingie kikao cha wazazi mikono mitupu. Beba barua ya michango na risiti zako. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka. Hazitoshi, ndiyo maana michango haiishi. Hata hivyo, kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinataka idhini ya waziri na risiti rasmi, wala mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa kulipa.

Mwombe mwalimu mkuu nakala ya idhini kwa maandishi, na nakala ya barua yako igongwe muhuri wa tarehe. Wengi huteleza hapa: huuliza kwa mdomo, kesho hakuna ushahidi. Siku 21 zikipita kimya, panda kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo yako, Kisauni, Likoni au Jomvu.