Miguu Inayowasha, Kunuka au Kuuma: Ikague Kabla ya Kununua Dawa

Mtu anaingia duka la dawa, anaomba "dawa ya miguu", anapewa tyubu. Anapaka wiki moja, muwasho unatulia, anaacha. Mwezi haujaisha amerudi kaunta ile ile. Mara nyingi kosa lilifanyika kabla hata tyubu haijanunuliwa: hakuna aliyeuangalia mguu. Basi vua viatu, kaa penye mwanga wa mchana, panua vidole kimoja kimoja.

Fangasi hupenda uchochoro ulio kati ya kidole cha mwisho na jirani yake. Ngozi ya hapo huwa nyeupe na laini kama ya mikono iliyoshinda kwenye karai la nguo. Ukiigusa inabanduka, na chini pako wekundu. Inawasha zaidi jioni unapovua soksi. Kuna fangasi nyingine ya kimyakimya: unyayo unakauka na kufanya unga mweupe kwenye mistari ya ngozi, mwenyewe akidhani ni vumbi la barabarani.

Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku, kwa kawaida wiki 4. Terbinafini ya asilimia 1 hufanya kazi upesi: fangasi ya katikati ya vidole huhitaji mara moja kwa siku kwa wiki 1. Osha miguu, ikaushe kabisa kwa taulo yake peke yake, kisha paka safu nyembamba inayovuka mpaka wa ugonjwa kwa sentimita 2 hivi, kwa sababu fangasi imeshatambaa mahali ambapo jicho halioni. Muwasho ukiisha, dawa haijamaliza kazi. Ukitumia klotrimazoli, endelea wiki 2 baada ya ngozi kuonekana safi.

Soma pia maandishi ya tyubu. Ukiona betamethasoni au steroidi nyingine (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, zisizoua fangasi) imechanganywa humo, usiitumie kwa kujitibu. Hutuliza muwasho haraka, ndiyo maana inapendwa, lakini inapunguza kinga ya ngozi na fangasi inapata nafasi ya kuenea chinichini.

Halafu kuna viatu, na hapa Nairobi inatushinda. Kuanzia mvua za Machi hadi baridi ya Agosti, kiatu kilicholowa leo hakikauki kufikia asubuhi. Uwe na jozi mbili za kupishanisha. Toa soli ya ndani, jaza karatasi za gazeti, na uzibadilishe kabla ya kulala. Soksi zilizofuliwa kwa maji baridi hubaki na fangasi. Tumia maji ya nyuzi 60 au zaidi. Na kama una fangasi miguuni, vaa soksi kwanza, chupi baadaye, la sivyo utaipandisha hadi kwenye mapaja.

Walinzi na vijana wa kuosha magari, wanaoshinda ndani ya gambuti, hupata tatizo linalofanana na hilo lakini si hilo. Unyayo unakuwa na vishimo vidogo vidogo kama umedungwa kwa pini, na harufu yake inamfukuza mtu chumbani. Hao ni bakteria. Miguu ikauke, soksi zibadilishwe katikati ya zamu, na daktari aandike antibiotiki ya kupaka.

Ukucha ulionenepa na kuwa wa manjano kwa fangasi usiutegemeze kwa krimu, maana haipenyi. Vidonge vya terbinafini vya miligramu 250 hunywewa kila siku kwa wiki 12, baada ya daktari kuhakikisha ini liko sawa. Hata vikifaulu, ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka au zaidi kuota wote upya.

Magaga nayo hayataki wembe. Ukikata, ngozi hurudi nene zaidi, na ukizidisha unafungua mlango wa usaha. Loweka visigino dakika 10 katika maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe, kausha, na papo hapo paka krimu yenye yurea ya asilimia 20 hadi 25. Juu yake weka mafuta ya mgando, vaa soksi za pamba, lala. Mafuta ya mgando pekee hayatoshi pale gamba limeshakuwa gumu. Kazi yake ni kuzuia unyevu usitoke, na gamba lile halina unyevu wa kuzuiwa. Ufa ukitoa damu, usiusugue hadi ufunge.

Maumivu ya kisigino yanayokuchoma hatua za kwanza asubuhi, kisha yakapungua ukitembea, mara nyingi hutokana na utando ulio chini ya unyayo. Kabla hujakanyaga sakafu, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea muundi hadi unyayo ukaze kama kamba, hesabu 10, achia. Rudia mara 10, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Jioni bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Kupona ni kwa miezi, si kwa siku. Slipa bapa zinarudisha maumivu. Ukienda soko la mitumba la Gikomba, kikunje kiatu: kinachopinda katikati badala ya penye vidole kiache hapo hapo, hata kikiwa bei ya kutupa. Kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo.

Kucha kata moja kwa moja, usizungushe pembe. Pembe iliyochimbwa ndiyo inayoota ndani ya nyama.

Mwenye kisukari asiloweke miguu, asitumie plasta za asidi za kuondoa sugu, wala asitoe kitu mguuni kwa pini. Ganzi humfanya akanyage msumari asijue. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa na akague nyayo kila jioni kwa kioo kilichowekwa sakafuni. Akiona lengelenge, kidonda, wekundu wenye joto au weusi, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki.