Somo: Kumaliza chaji ya kapasita kabla ya kushika mota

Kuzima swichi kunakata umeme unaoingia tu. Ule uliokwisha kuingia kwenye kapasita (kifaa cha mota kinachohifadhi umeme) unabaki humo, na kapasita isiyo na hitilafu inaweza kukaa nao kwa saa nyingi. Umeme wa volti 230 hufikia kilele cha takriban volti 325, kwa hiyo usishangae kukuta mota ya pampu au kompresa iliyozimwa ina volti nyingi kuliko soketi.

Andaa multimita, miwani, glavu za umeme, na rezista (kifaa kinachozuia umeme usipite kwa kasi) ya kauri ya kilo-ohmu 20, wati 5, iliyoungwa waya mbili zenye klipu na kufunikwa vizuri.

Hatua ya 1. Chomoa plagi. Kama mota imeungwa moja kwa moja bila plagi, zima breka (swichi ya usalama inayokata umeme) na uifunge kwa kufuli. Kibao cha onyo peke yake hakitoshi. Mpita njia akiona breka iko chini ataipandisha tu. Subiri mota isimame kabisa.

Hatua ya 2. Jaribu mita kwenye umeme unaojua upo, kisha iweke DC (mkondo mnyoofu), volti 600 au zaidi, na upime kati ya miguu ya kapasita, yaani sehemu zake za kuungia waya. Hapa ndipo wengi huponzwa. Mota ni ya AC (mkondo geu), basi mkono unakwenda AC wenyewe. Lakini chaji iliyobaki ni DC, na ukiipima kwa AC mita inaweza kukuandikia sifuri nawe ukaamini. Ohmu pia uziache kwanza: chaji hiyo inaweza kuunguza mita.

Hatua ya 3. Bana klipu za rezista kwenye miguu ya kapasita, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa mbali na bodi ya mashine. Kwa kapasita ya maikrofaradi 40, sekunde 4 zinatosha kumaliza karibu chaji yote. Mimi huacha 10. Yenye miguu mitatu (C ya pamoja, HERM ya kompresa, FAN ya feni) ifanyie C na HERM, C na FAN, halafu HERM na FAN.

Hatua ya 4. Pima tena kwa DC. Ikishuka chini ya volti 2, unganisha miguu kwa kipande cha waya muda wote wa kazi, kwa sababu kapasita hujirudishia volti kidogo baada ya kutulia. Waya huo utoe kabla ya kuwasha!

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi natumia bisibisi siku zote na sijadhurika. Ubaya uko wapi?*
Chaji yote inatoka kwa mpigo mmoja. Cheche hurusha vipande vya chuma kilichoyeyuka, na miguu ya kapasita huungua. Kwenye kapasita kubwa ni mlipuko kabisa. Rezista ni kitu kidogo sana, kaka, itengeneze leo.

*Yangu ina rezista ndogo imechomelewa juu yake. Bado nihangaike?*
Kazi yake ndiyo hiyo, kumwaga chaji polepole. Ila ikikatika ndani, kwa macho huoni kitu. Pima.

*Na inveta, kile kifaa cha kuongoza kasi, ya mota ya fezi tatu?*
Hiyo ni habari nyingine. Volti 400 za AC zinakuwa takriban 565 za DC, kwenye kapasita kubwa zaidi. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, kisha pima kati ya terminali za DC, chanya na hasi. Skrini kuzimika si ushahidi. Rezista ya wati 5 usiilete huku, maana kwa volti hizo inaanza kubeba wati 16.

*Kapasita imevimba lakini mita inasoma sifuri. Naweza kuifungua nione?*
Hapana, ndugu yangu. Huenda imekatika ndani, chaji ikabaki mahali ambapo mita haifiki. Itoe bila kuitoboa, weka yenye maikrofaradi zilezile, na volti zisiwe chini ya zilizoandikwa kwenye ile ya zamani.