Kuchagua wufa na honi za monita ya steji unayojijengea mwenyewe

Watu wengi hapa Mombasa wakianza kujenga monita ya steji swali la kwanza ni wati ngapi, na mwenye duka naye akishasikia hivo anakutolea wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito, ina stika ya wati 2000, herufi za dhahabu, ushalipa ushabeba. Wati hazikusaidii kitu kama mwimbaji hajisikii. Kazi ya monita ni moja tu, mtu asimame ama akae mbele yake asikie sauti yake mwenyewe juu ya ngoma na kinanda na kelele za harusi, bila maiki kuanza kupiga mluzi. Basi draiva, yaani spika zenyewe zinazoingia ndani ya sanduku, zichaguliwe kwa hilo, na msimamo wangu nautoa mapema: anza na ile draiva ya juu, ya sauti nyembamba, inayokaa nyuma ya honi (lile bomba lililopanuka kama tarumbeta), na mahali itakapokutana na wufa. Wufa yenyewe ije baadaye.

Sababu ni hii. Maneno ya mwimbaji yanaeleweka zaidi kati ya Hz 1000 na 4000 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), na hapohapo ndipo wufa yamkabidhi honi kazi. Koni (ule uso unaotikisika) ya wufa ya inchi 12 ina upana wa kama sentimita 26, kwa hivyo ukifika karibu Hz 1300 wimbi la sauti linakuwa sawa na upana wa koni, na kutoka hapo kwenda juu sauti inaanza kubanwa katikati kama tochi. Mwimbaji akisogea hatua moja pembeni, maneno yashapotea, anakuashiria uongeze, unaongeza, maiki inalia. Ndio maana wataka honi ichukue mapema, Hz 1600 mpaka 2000 ni pazuri. Sasa zile draiva ndogo za koili (ule waya uliozungushwa ndani) ya milimita 34 nyingi zataka kuanza kazi Hz 2500 kwenda juu, ukizilazimisha chini ya hapo zinakwaruza kwanza kisha zinaungua. Tafuta yenye koili ya milimita 44 na mdomo wa kutolea sauti wa inchi 1, angalia kwenye datashiti, ile karatasi ya vipimo vya kampuni, wamesema ianzie kazi wapi, na wameipima kwa krosova (kinachogawa sauti kati ya wufa na honi) ya desibeli ngapi kwa oktavu, manake namba ikiwa kubwa yakata kwa ukali zaidi. Chini ya 12 usiende, 24 ni bora.

Na wufa ya inchi 15 je? Yawezekana, lakini koni ikiwa pana zaidi sauti inabanwa mapema zaidi, itabidi honi ichukue kazi kwenye Hz 1000 ama 1200, na huko hufiki bila draiva ya mdomo wa inchi 1.4 na koili ya milimita 72 ama 75. Bei yake si mchezo. Pia sanduku linakuwa kubwa na zito la kubeba, na steji zetu za harusi mara nyingi ni mbao zilizowekwa juu ya makreti ya soda. Chukua 12.

Honi nayo wengi wanaichukua yoyote ile iliyoko dukani, manake yaonekana ni plastiki tu. Honi ina uwezo wa kuongoza sauti mpaka pale upana wake unapolingana na wimbi. Hz 1600 ni wimbi la sentimita 21, kwa hivyo kihoni cha sentimita 10 kitaongoza kuanzia Hz 3400 hivi, chini ya hapo sauti yaenda itakako, ikiwemo kwenye maiki ya jirani. Digrii 60 kwa 40 yamfaa mtu anayesimama pahali pamoja, kama anatembea steji nzima chukua 90. Zile twita (spika ndogo za sauti nyembamba) za piezo za bei ya chai ziache kabisa, zinachoma masikio na hazishuki hadi pale unapozihitaji.

Kama mfuko waruhusu, kuna njia inayokupunguzia maumivu ya kichwa: koaxial, yaani wufa na draiva ya juu ziko kwenye fremu moja, sauti yote yatoka katikati pamoja. Monita nyingi za makampuni makubwa zimejengwa hivyo, sanduku linakuwa dogo, na ukililaza upande wowote sauti haibadiliki sana. B&C, RCF, Celestion, Faital Pro, BMS, wote wanazo za inchi 12. Ukiiona Eminence Beta-12CX fahamu kwamba hiyo yauzwa bila draiva ya juu, unanunua yako yenye uzi unaiskrubu kwa nyuma, kwa hivyo usije ukafurahia bei ukidhani imekamilika. Uzi wenyewe pia uangalie, kuna draiva za kuskrubu na kuna za kufunga kwa bolti 2 ama 3, na hazibadilishani bila adapta.

Haya, wufa. Namba ya kwanza kutazama ni ile ya desibeli kwa wati 1 mita 1, yaani ukubwa wa sauti itoayo ukiipa wati 1 ukapima mita 1 mbele. Kila ukizidisha wati mara mbili wapata desibeli 3 tu. Wufa ya desibeli 97 ukiipa wati 100 inafika 117 kwenye mita 1, na mwimbaji akiwa mita 2 anasikia kama 111. Wufa ya 94 kufika hapo yataka wati 200, na koili ikipata moto inapoteza zaidi. Kwa hivyo 96 kwenda juu, na hapa ndipo wufa za gari zinapoanguka. Najua zimejaa mjini na kila mtu ana rafiki aliyetoa moja kwenye matatu, zinatikisa vioo kweli, lakini nyingi ziko chini ya desibeli 90, koni nzito, ohm 4, na sauti ya mtu haipo kabisa ndani yake. Kwa matatu sawa.

Mlio mzito wa chini monita hauhitaji. Utaukata Hz 80 ama 100 kwenye miksa, basi usilipie wufa ambayo koni yake inatembea milimita 10, 3 mpaka 5 zatosha. Fs (mtetemo wa asili wa wufa) ya Hz 45 hadi 60 ni sawa, na Qts (kipimo cha wufa inavyoelekea kuvuma) iwe kati ya 0.3 na 0.45 kama sanduku lako lina tundu, la lita 30 hadi 45. Ikiwa Qts iko juu sana, wufa inavuma pale chini, na ukipigia taarab utaiona taabu yake, kwa sababu udi ni sanduku la mbao lililo wazi ndani na maiki iko mdomoni mwake, noti nzito zikirudi kutoka kwa monita udi wote unaanza kuvuma wenyewe na mpigaji anakutazama wewe. Kisha angalia mchoro wa datashiti, si namba pekee. Ukiona mlima kati ya Hz 2000 na 4000 hiyo ndiyo sehemu itakayolia kwanza. Afadhali wufa ya desibeli 96 iliyonyooka kuliko ya 99 yenye mlima.

Draiva ya juu ikiwa na desibeli 107 na wufa ni 97, honi itakuwa kali mno, ipunguze desibeli 10. Kwa draiva ya ohm 8 weka rezista ya ohm 5.6 kwenye njia ya waya, na nyingine ya 3.9 sambamba na draiva, zile nyeupe za kauri, wati 20 kwenda juu. Na kama unatumia amplifaya mbili na krosova ya nje, rezista huzihitaji, punguza kwenye krosova, ila funga kapasita ya mikrofaradi 25 kwenye njia ya draiva. Inakata kutoka kama Hz 800 kushuka, kwa hivyo mtu akichanganya waya kabla ya shoo, draiva ina pa kuponea.

Kuna jambo ambalo watu wa bara hawalijui sana, nalo ni chumvi. Ukikaa Nyali ama Likoni upepo wa bahari unakula kila kitu. Ukingo unaozunguka koni uwe wa kitambaa kilichopakwa, wa foamu utamung'unyuka. Fremu ya alumini kuliko bati kama waweza. Dayaframu (utando unaotikisika ndani ya draiva ya juu) za titani ama poliesta zavumilia, za alumini tupu hushikwa na kutu yake nyeupe. Sumaku za neodimu ni nyepesi sana kubeba lakini rangi yake ikichunika zinaliwa, kwa hivyo feraiti nzito bado ina heshima yake. Sanduku plaiwudi, MDF itafura.

Dukani usione haya, toa vifaa vyako. Multimita kwanza, draiva ya ohm 8 isome kama 5.5 hadi 6.5. Kisha betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya, gusa tu, koni iruke mbele, ikirudi nyuma huenda waya zimegeuzwa na mtu ashaifungua. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sikiliza karibu na sikio, ikikwaruza hata kidogo rudisha. Inuse pia kwa nyuma, koili iliyoungua ina harufu haifichiki, na hizi za mtumba kutoka ng'ambo nyingi zimepata joto la kutosha. Stika ya wati usiisome, uliza koili ni inchi ngapi: inchi 2 kwa kawaida ni wati 150 hadi 250 za AES (kipimo cha chama cha wahandisi wa sauti), inchi 3 ni 300 mpaka 450. Mwenye duka akisema wati 2000 kwa koili ya inchi 2, mpe salamu zake uondoke.

Ohm chukua 8 zote, ili monita mbili kwenye amplifaya moja ziwe 4 na isilalamike. Na kabla hujalipa ile draiva ya juu, uliza dayaframu yake yapatikana hapahapa, ama inaagizwa, ama haiuzwi kabisa, kwa sababu kuna draiva ambazo hazifunguki na zikiungua ndio basi. Ikiwa ipo, nunua moja ya ziada siku hiyohiyo, hata kama itakaa kwenye droo mwaka mzima.