Kurudisha msitu wa asili Kilimanjaro kwa mikono ya wageni

Wageni hujaa Juni hadi Oktoba, kiangazi. Mche unataka masika, Machi hadi Mei. Hapo ndipo utalii wa kupanda miti unapoharibika: mgeni anapiga picha, mche unakauka. Usimpandishe mtu mti kiangazi. Mpe kazi ya kinga ya moto na kitalu.

Ndani ya hifadhi, anzeni na kibali cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mwezi Juni fyekeni ukanda wa mita 10 kuzunguka eneo, kisha katikati limeni mita 3 hadi udongo mtupu. Majani yaliyofyekwa yatolewe nje. Yakiachwa yanakuwa kuni.

Mbegu za mwiri (Prunus africana), mti wa asili wa mlimani, hazihifadhiki muda mrefu, zikikaushwa sana hufa. Ondoa nyama ya tunda, sia zingali mbichi. Kitaluni changanya na miche ya miti mingine ya asili, mringaringa na msesewe. Mwezi mmoja kabla ya kupanda, punguza maji ili miche ikomae.

Mvua ikishalowesha udongo, chimba mashimo ya sm 45 kwa 45, mita 3 kwa 3: miche kama 1,100 kwa hekta. Chana kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) chote na ukate mizizi iliyojizungusha chini, la sivyo mti utajinyonga. Palilia nusu mita kila upande.

Mgeni alipie mche pamoja na palizi ya miaka 3, maana mche usiopaliliwa humezwa na nyasi, na nyasi ndiyo hubeba moto. Sehemu ya fedha inunue mizinga na mabomba ya moshi wa kutuliza nyuki kwa warina asali, waache mienge inayowasha moto msituni.