Jinsi ya kuhesabu ndege adimu wa baharini ukiwa kwenye boti

Kuna ndege ukimtafuta kwenye kiota utazeeka. Marbled murrelet wa pwani ya Pasifiki anataga juu ya miti mikubwa ndani kabisa ya misitu, Marekani kiota chake cha kwanza kilithibitishwa 1974 tu, sasa bora umhesabu baharini anakokula. Njia ni hii.

Hatua ya 1, chora kwenye ramani mistari ambayo boti itaifuata, kabla hujatoka. Itoke ufukweni iende bahari kuu, isifuate pwani, maana ndege kama hawa wanajazana karibu na nchi kavu na ukipita sambamba utawapata wote au utawakosa wote. Mstari wa kwanza upige kura uanzie wapi, mingine iachane sawa. Na usiende tu pale unapojua wapo!! Sifuri nayo ni data, ndo inayoonyesha wanaishia wapi.

Hatua ya 2, bahari iwe shwari. Povu jeupe likianza kutokea juu ya mawimbi rudini.

Hatua ya 3, watu. Nahodha, waangalizi wawili kila mtu na upande wake, na mmoja wa kuandika. Mwangalizi asiandike, akiinama kidogo tu ndege keshapiga mbizi. Tafuta kwa macho, darubini ni ya kuhakikisha spishi. Angalieni zaidi mbele ya boti, kwa sababu hesabu yote inachukulia kwamba aliye juu ya mstari hamkumkosa.

Hatua ya 4, umbali, na hapa ndo kazi za wengi zinapoharibikia. Unaotakiwa sio umbali kutoka kwako hadi kwa ndege, ni kutoka kwa ndege hadi kwenye mstari kwa pembe mraba. Umemwona mita 100, nyuzi 30 kutoka uelekeo wa boti? Andika 50 (100 mara sine ya 30). Asubuhi tupeni boya, kila mtu akisie mita, halafu pimeni kwa leza mcheke kidogo. Ukiona fomu imejaa 50, 100, 50, 100 basi jua mtu anakisia kivivu. Ndege wawili pamoja ni kundi moja, umbali mmoja, idadi 2. Wanaoruka waandike pembeni, ukiwachanganya na waliotua namba inavimba maana wanaingia na kutoka muda wote.

Hatua ya 5, hesabu. Programu ya Distance ya Chuo Kikuu cha St Andrews ni ya bure, ukiipa umbali mlioandika inakupa upana mlioweza kuuona kweli. Tuseme ndege 24, mistari kilomita 100, upana mita 80 kila upande, eneo ni kilomita za mraba 16, yaani ndege 1.5 kwa kila kilomita ya mraba. Ila inataka makundi kama 60 hadi 80 ili makadirio yatulie, na kwa ndege adimu msimu mmoja hautoshi, so unganisha ya miaka kadhaa mradi boti iwe ileile na waangalizi wakae kimo kilekile juu ya maji. Ripoti ikienda, weka na kiwango cha chini na cha juu cha makadirio, sio namba moja tupu.